Mtoto Avukaye Ua: Utajiri na Matabaka katika Bunilizi za Kisayansi za Watoto

Utangulizi

Mtoto hachagui mahali pa kuzaliwa. Hana mshahara, hana hati ya shamba, wala hana biashara iliyosajiliwa kwa jina lake. Iwapo analala juu ya godoro nene au juu ya mkeka uliochakaa, hali hiyo ameikuta. Kwa sababu hii, suala la utajiri katika fasihi ya watoto ni gumu kuliko linavyodhaniwa. Mtu mzima aliye tajiri anaweza kudai kwamba mali yake ni jasho lake. Mtoto wa tajiri hawezi kutoa dai hilo, na mtoto wa maskini naye hawezi kulaumiwa kwa uvivu. Kwa hiyo kila hadithi ya watoto inayogusa mali imo hatarini kuulizwa swali ambalo watu wazima aghalabu hulikwepa: je, ni haki gani iliyomweka huyu hapa na yule pale?

Hadithi nyingi zimeliepuka swali hilo kwa kutumia hazina. Wanafunzi wa Afrika ya Mashariki waliosoma Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya Frederick Johnson iliyotoka mwaka 1929 kutokana na riwaya ya Rider Haggard, walikutana na mali ya aina hiyo. Almasi zimefichwa pangoni tangu kale, na msafiri shujaa azipataye huondoka nazo. Wenyeji wa nchi hawaulizwi, na waliozichimba hawatajwi ila kama mifupa ya kale. Mali ya hazina haina mfanyakazi, na kwa hiyo haina deni.

Bunilizi za kisayansi zimelikabili swali hili kwa namna nyingine. Kwa bunilizi za kisayansi hapa inakusudiwa hadithi iliyojengwa juu ya jambo ambalo halijatokea bado, lakini ambalo msomaji anaombwa alikubali kwa hoja ya maarifa na ufundi, si kwa nguvu za uganga. Makala haya yanafuata historia ya tawi hili katika vitabu vya watoto. Hoja yake ni kwamba, katika suala la utajiri, thamani ya tawi hili haimo katika roketi wala mitambo. Imo katika tendo moja linalorudiwa kutoka kitabu hadi kitabu, yaani mtoto kuvuka mpaka unaotenga tabaka na tabaka. Anachokiona baada ya kuvuka, na gharama anayotakiwa kulipa, ndivyo vipimo vya kitabu chenyewe. Vitabu viwili vitachunguzwa kwa kirefu, kimoja cha Urusi ya Kisovieti na kingine cha Uingereza, kisha itaangaliwa nafasi ya jambo hili katika fasihi ya kwetu.

Chimbuko

Msingi uliwekwa na kitabu ambacho hakikuandikiwa watoto. H. G. Wells alichapisha The Time Machine mwaka 1895. Mama yake, Sarah Wells, alikuwa msimamizi wa watumishi katika jumba la Uppark, jimbo la Sussex, tangu mwaka 1880 hadi mwaka 1893. Katika jumba lile watumishi walifanya kazi zao chini ya ardhi, na njia za handaki ziliunganisha nyumba ya mabwana na majengo ya kazi, ili wakubwa wasikutane na wabebao vyakula vyao. Kijana Wells aliyaona hayo kwa macho yake. Si ajabu basi kwamba msafiri wake, afikapo mwaka 802,701, anakuta jamii mbili za watu: Eloi, wanaoishi juani wakicheza bila kazi, na Morlock, wanaoishi gizani chini ya ardhi pamoja na mitambo. Mabwana wa kale wamegeuka mifugo, na watumishi wa kale ndio wawalao.

Jambo kubwa alilolifanya Wells ni kuligeuza tabaka kuwa mahali. Katika riwaya za kawaida za karne ya 19 ukosefu wa usawa mara nyingi huonekana kama tabia: tajiri bahili, maskini mnyenyekevu, mfadhili mwema. Kwa Wells ni ngazi na shimo. Tangu hapo bunilizi za kisayansi zimekuwa na desturi ya kulipa tabaka ukuta, sakafu, ua au sayari yake. Hata hivyo, msafiri wa Wells ni mtu mzima mwenye nyumba na wageni wa chakula cha jioni. Arudipo kutoka siku za mwisho, jambo la kwanza analoliomba ni nyama. Amevuka mpaka akaona mambo ya kutisha, lakini hapana yeyote aliyemtaka aache kitu chake.

Walipoandikiwa watoto, wengi walianza kwa kuchukua mitambo na kuuacha mpaka. Mfano ulio wazi ni mfululizo wa Tom Swift, ulioanza kuchapishwa Marekani mwaka 1910, ukitungwa na kampuni ya Edward Stratemeyer kwa jina la kubuni la Victor Appleton. Tom ni kijana mvumbuzi mwenye pikipiki, ndege na nyambizi. Hadithi husifu bidii yake, lakini hazisemi mengi juu ya jambo linaloiwezesha bidii hiyo: baba yake, Barton Swift, ni mvumbuzi tajiri, na karakana ilikuwapo kabla ya Tom kushika nyundo. Mtumishi Mweusi, Eradicate Sampson, amewekwa ili achekwe. Huu ni utajiri usioulizwa chochote, nayo sayansi ni pambo lake.

Badiliko la maana linaonekana katika Citizen of the Galaxy ya Robert Heinlein, iliyotoka mwaka 1957. Mtoto Thorby ananadiwa sokoni kama mtumwa katika sayari ya mbali, akanunuliwa na mzee mwombaji anayemlea kama mwanawe. Baadaye inagunduliwa kwamba yeye ni mrithi wa mojawapo ya kampuni kubwa kabisa za Dunia. Hadithi ya kawaida ingemalizia hapo kwa nderemo. Heinlein anaendelea: mrithi anatambua kwamba biashara iliyomtajirisha ina uhusiano na biashara ya watumwa iliyomtesa. Urithi unakuwa shtaka. Hata hivyo, dawa inayotolewa ni kwamba mmiliki mwema ashike usukani mahali pa mmiliki mbaya. Umilikaji wenyewe haukuulizwa.

Nosov: kutojua kama njia ya kujua

Nikolai Nosov alizaliwa Kyiv mwaka 1908 akafariki Moscow mwaka 1976. Vitabu vyake vitatu juu ya Neznaika, jina ambalo maana yake ni mtu asiyejua, vilipendwa sana na watoto wa Kisovieti. Cha tatu, Neznaika Mwezini, kilianza kutoka katika jarida mwaka 1964, kisha kikachapwa kitabu. Mwaka 1969 mfululizo mzima ulipata Tuzo ya Krupskaya.

Neznaika na mwenziwe mlafi, Ponchik, wanaondoka na roketi bila ruhusa na kufika Mwezini, ambako ndani yake mna ulimwengu mwingine. Kwao Neznaika hakuna fedha wala uzio. Akiona tunda analichuma. Mwezini anachuma matunda katika bustani ya mtu na kukimbizwa na mbwa. Anaketi mkahawani, anakula akashiba, anashukuru na kuinuka aondoke. Anapodaiwa fedha haelewi ni kitu gani kinachotajwa, naye anatiwa korokoroni.

Hapa pana ustadi wa kweli. Mwandishi hahitaji kumhubiria mtoto kwamba fedha ni jambo la ajabu. Anamweka tu asiyejua mbele ya wanaojua, na ujuzi wao ndio unaoanza kuonekana kichekesho. Waswahili husema kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu hamponyi mtu papo hapo, bali kwa maswali yake mwenyeji anatambua kwamba ni mgonjwa.

Sehemu kubwa ya kitabu ni maelezo ya jinsi mali inavyofanya kazi, na maelezo hayo ni sahihi kuliko yale yapatikanayo katika riwaya nyingi za watu wazima. Mimea ya Mwezini ni midogo, na ndani ya roketi iliyobaki juu ya uso wa Mwezi mna mbegu za mimea mikubwa ya Duniani. Kampuni inaundwa na hisa zinauzwa kwa maskini ili kipatikane chombo cha kuzifikia mbegu hizo. Mabepari wakuu wanapotambua kwamba wingi wa chakula utavunja faida yao, hawasemi kwamba mbegu ni mbaya. Wanawalipa waanzilishi wa kampuni watoroke na fedha. Ponchik naye anatajirika kwa kuuza chumvi, kitu kisichojulikana huko, mpaka wenye mitaji mikubwa wanapoishusha bei chini ya gharama zake na kumfilisi. Aliyekuwa bwana anaishia kuwa kibarua wa kuzungusha gurudumu la michezo. Wasio na makazi hupelekwa katika Kisiwa cha Wapumbavu. Huko wanalishwa na kuburudishwa bure hata wanageuka kondoo, na manyoya yao yanakatwa kwa faida ya wenye kisiwa.

Mtoto aliyesoma sura hizo ameelezwa hisa, ushindani wa bei na starehe inayolewesha akili, bila istilahi moja ngumu. Historia ilikipa kitabu hiki wasomaji wasiotarajiwa. Baada ya mwaka 1991 soko huria liliingia Urusi kwa kishindo, na mwaka 1994 mpango wa hisa wa kampuni ya MMM ulianguka ukiwa umemeza akiba za watu wengi. Watoto waliowahi kuicheka kampuni ya Mwezini walikuwa sasa watu wazima, na kichekesho kile kilikuwa kimehamia mlangoni mwao.

Pamoja na sifa hizo, kitabu kina upungufu usiofichika. Uovu wote umewekwa Mwezini. Nchi ya Neznaika haina fedha, haina tabaka, haina aliyependelewa. Ilhali katika Urusi ya wakati ule maofisa wa chama na serikali walikuwa na maduka yao maalumu, yaliyofungwa kwa raia wa kawaida. Mtoto wa ofisa na mtoto wa mfagizi walikisoma kitabu kimoja na wote wawili wakaambiwa kwamba mambo hayo yako mbali. Mwisho nao unafuata mkondo huohuo. Wageni kutoka Duniani wanaleta mbegu na kifaa cha kuondoa uzito wa vitu, polisi wanaelea hewani wasiweze kupiga risasi, na dhuluma inakwisha. Neznaika amevuka mpaka, lakini gharama yake ni kutamani kurudi kwao tu. Hapana lolote lake analolazimika kuliacha.

Christopher: mtoto anayefaidi

John Christopher ni jina la kalamu la Sam Youd, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1922 akafariki mwaka 2012. Riwaya yake The Guardians, yaani Walinzi, ilitoka mwaka 1970, na mwaka 1971 ikapata tuzo ya gazeti la The Guardian ya vitabu vya watoto. Inaeleza Uingereza ya mwaka 2052 iliyogawanyika pande mbili. Katika miji mikubwa iitwayo Conurb watu wamesongamana, wanapewa michezo na burudani, na mara kwa mara ghasia huzuka. Upande wa pili ni County, nchi ya mashamba, farasi, watumishi na adabu za kikabaila. Kati yake pana ua wa waya.

Rob Randall ni mtoto wa Conurb. Baba yake, fundi wa umeme, anakufa, naye anapelekwa katika shule ya bweni yenye ukatili. Katika barua za marehemu mama yake anagundua kwamba mama huyo alitoka County. Anatoroka hadi kwenye ua, na hapo anakuta jambo la kushangaza. Ua wenyewe si kitu: hauna umeme kama ilivyovumishwa, na mtoto anaweza kuchimba chini yake akapita. Kinachouimarisha ni dharau. Watu wa mjini wamefundishwa kuwadharau wa mashambani, na wa mashambani wamefundishwa kuwadharau wa mjini, kwa hiyo hapana anayetaka kuvuka.

Rob anaokotwa na Mike Gifford, kijana wa ukoo wenye mali. Mama yake Mike anamkaribisha nyumbani na kumtambulisha kama jamaa aliyetoka Nepal. Anafundishwa kupanda farasi, kupiga upinde na kuamuru watumishi. Mwandishi haoni haya kuonyesha kwamba maisha hayo ni matamu. Chakula ni kizuri, bustani zinapendeza, watu ni wapole. Mtoto aliyepigwa na kulala njaa anayapenda, na msomaji anayapenda pamoja naye.

Kutoka hapo linatokea jambo ambalo halimo katika kitabu cha Nosov. Mike, aliyezaliwa katika neema, anaanza kuuliza kwa nini mambo yako hivyo na kujiunga na wenye kutaka mapinduzi. Rob, aliyetoka katika dhiki, ndiye anayeutetea utaratibu uliopo. Aliyeipata nafasi kwa taabu anaogopa kuipoteza kuliko aliyezaliwa nayo. Hii ni saikolojia ya tabaka iliyoelezwa kwa usahihi mkubwa. Wasomaji wa nchi zilizopata uhuru katika miaka ya 1960, ambazo viongozi wake wengi walikuwa watoto wa wakulima, hawatahitaji kuelezwa zaidi.

Uasi unashindwa. Rob anaitwa na Sir Percy Gregory, mmoja wa walinzi wa siri wanaotawala pande zote mbili. Hapati adhabu. Anaalikwa awe mlinzi, kwa kuwa mtoto mwerevu aliyevuka ua anafaa kuulinda. Anafahamishwa pia jinsi wanaouliza maswali wanavyotulizwa, yaani kwa upasuaji wa ubongo. Baba yake Mike, mzee mpole anayeshinda akitunza miti midogo iliyodumazwa ndani ya vyungu, alifanyiwa hivyo katika ujana wake. Miti ile, iliyopita mbele ya macho ya msomaji kama pambo, inakuwa ushahidi. Mike amekwisha kutorokea mjini. Rob anaacha chumba chake, farasi wake na mustakabali aliopewa, anakwenda tena kwenye ua, na kupita chini yake kurudi alikotoka.

Kitabu hiki hakielezi jinsi mali inavyozalishwa. Hakuna kampuni, hakuna bei, hakuna hisa. Mtu anayetaka kujua kabaila wa County anakula jasho la nani hatapata hesabu kamili. Lakini kinamweka msomaji mahali ambapo Nosov hakumweka, ndani ya faida. Kinamwuliza: sasa kwa kuwa umekula, utafanya nini?

Ulinganisho

Vitabu hivi viwili vilitoka katika pande mbili zilizohasimiana, na kila kimoja kina alichokikosa mwenziwe. Nosov ameonyesha mtambo wa utajiri, lakini akamwachilia huru anayesoma. Christopher amemshika anayesoma, lakini mtambo ameufunika. Wa kwanza anajibu swali la jinsi, wa pili swali la nani. Fasihi inayojibu la kwanza peke yake hulea watoto wanaojua makosa ya majirani. Inayojibu la pili peke yake hulea watoto wenye majuto wasiojua pa kuyapeleka.

Riwaya iliyokaribia kuyaunganisha hayo mawili kwa wasomaji vijana ni The Hunger Games ya Suzanne Collins, iliyotoka Marekani mwaka 2008. Watoto wa wilaya 12 wanapigiwa kura ili wauane mbele ya watazamaji wa mji mkuu. Maskini anaweza kupata nafaka na mafuta iwapo jina lake litatiwa tena katika kura. Kwa hiyo jina la Katniss, mwenye miaka 16, limo mara 20, na la Gale limo mara 42, wakati mtoto wa mwenye uwezo ana yale tu yanayolazimishwa na sheria. Kwa hesabu hiyo fupi mtoto anaonyeshwa kwamba bahati nasibu si bahati, na kwamba njaa hutangulia kupiga kura kabla ya kura kupigwa.

Kwetu

Haifai kudhani kwamba jambo hili ni geni katika Afrika ya Mashariki. Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951 na kusomwa na vizazi vya wanafunzi, inaeleza nchi inayoelea angani. Wajumbe sita wanatumwa pande sita za ulimwengu. Wanavuka mipaka, wanaona sheria na desturi zilizo bora, na warudipo wanafungwa. Hapana roketi, lakini tendo ni lilelile, na gharama imetajwa bila kuficha: avukaye na kurudi na habari huonekana mhaini.

Mwaka 1982 Ngũgĩ wa Thiong'o alichapisha kwa Kikuyu kisa cha watoto, Njamba Nene na Mbaathi ĩ Mathagu, yaani Njamba Nene na basi lenye mabawa. Basi la wanafunzi linaota mabawa, linaruka na kuwatupa msituni. Watoto wa wenye nafasi, waliosifiwa darasani kwa kujua habari za nchi za mbali, wanashindwa kujiokoa. Njamba Nene, mtoto wa maskini aliyechekwa kwa nguo zake, anawaongoza kwa maarifa aliyopewa na mama yake. Basi hilo ni chombo cha ndoto kuliko cha sayansi, lakini linafanya kazi ya roketi: linawatoa watoto katika mahali palipowapanga kwa matabaka, ili ionekane nani anajua nini.

Mwaka 1995 ilitoka Walenisi ya Katama Mkangi, riwaya ya Kiswahili ambayo shujaa wake, Dzombo, anahukumiwa kurushwa angani katika chombo kinachotazamiwa kumwua. Yeye anajifunza kukiendesha na kufika katika nchi yenye usawa. Haikuandikiwa watoto, lakini ndiyo inayowaonyesha njia waandishi wa watoto.

Hitimisho

Jijini Nairobi, majumba ya Muthaiga na mabanda ya Mathare yametenganishwa na barabara ya Thika. Mwandishi wa Kiswahili hahitaji Mwezi wala mwaka 2052 ili kupata ua wa kuvukwa. Anachohitaji ni kumtuma mtoto avuke kwa nia kamili, akiwa na kutojua kwa Neznaika ili aulize, na akiwa na kitu cha kupoteza kama Rob ili jibu limgharimu. Sayansi katika hadithi kama hiyo ni kibali cha kupitia tu. Inaiondoa dunia katika mazoea yake kwa muda, hata kilichoitwa majaliwa kionekane kuwa mpango uliopangwa na watu.

Mkangi alilijumlisha jambo hili katika jina la nchi yake ya kubuni. Walenisi ni wale ni sisi. Hadithi ya watoto inayowaonyesha wale na kukoma hapo haijavuka ua. Imeuchungulia tu.